Riviu: kozi ya kusoma Uyahudi kuanzia sufuri, mpishi wa Nyali asema

Kabla sijafika popote: hapana, sibadili dini. Nshaulizwa na mamangu, nshaulizwa na jirani, na kuna jamaa mmoja wa maskani alichungulia simu yangu akaona herufi za Kiebrania akaanza kunisomea dua pale pale. Mimi ni Muislamu, kazi yangu upishi, na nlitoa pesa zangu mwenyewe kusoma kozi ya misingi ya Uyahudi kwa watu wazima, ya kwenye intaneti, ya kituo kimoja cha London. Jina lake sitalitaja manake kuna sehemu ntawasema, na kozi za namna hii ziko nyingi zinafanana, sasa haya yatakusaidia kujua cha kuuliza kabla hujatoa kadi. Kwa asiyetaka kusoma yote: nyota nne kwa tano, na ile moja niliyowanyima ni kwa sababu ya bibi (nyanya, si mke). Ntaeleza.

Mimi na vijana wangu wawili tunapikia wageni kwenye mavila, Nyali, Shanzu, na msimu ukichanganya tunavuka Likoni mpaka Diani. Wageni Wayahudi hawakosi, wengine wa Israeli, wengine Waingereza, wengine Wamarekani, na wakisema wanakula kosheri, yaani chakula kilichoruhusiwa na sheria ya dini yao, ushauri utakaopewa na mpishi yeyote hapa mjini ni ule ule, wape samaki na mboga, maliza. Sasa tulipata familia moja, watu wazuri kabisa, hata bakshishi hawakuwa na mkono wa birika, lakini kila asubuhi yule mama yuaja jikoni kabla hatujaanza chochote, awasha moto wa gesi yeye mwenyewe, atabasamu, aenda zake. Kila asubuhi! Vijana wakakereka, wakaona ni dharau, ati hatuaminiki hata na kiberiti. Na kusema kweli kwa wengi wetu huku Myahudi ni mtu wa kwenye habari tu, ama ni Gaza ama ni ile Kikambala ya Novemba 28, 2002 walipouawa Wakenya 10 na Waisraeli 3 pale hoteli ya Paradise, hatumjui kama mtu mwenye jiko na sufuria na masharti yake. Nlitaka kujua yule mama alikuwa afanya nini. Chanzo ndicho hicho, hakuna ndoto wala sauti kutoka juu.

Malipo kwanza. Dola 95, ukibadilisha ni elfu kumi na mbili na kitu, na kwa mpishi wakati hakuna wageni hiyo si hela ya kuchezea. Nlilipa na ile kadi ya Visa ya ndani ya M-Pesa ikakubali bila maneno. Darasa ni la Zoom, moja kwa moja na mwalimu, halafu kuna rekodi na karatasi za kusoma. Tatizo la saa: wao wanaanza saa moja unusu jioni ya London, kwetu ni saa tatu unusu usiku, sawa, watu washakula, watoto washalala. Ikafika mwisho wa Oktoba Waingereza wakarudisha saa zao nyuma kama kawaida yao, darasa likaruka mpaka saa nne unusu usiku kwetu na hakuna aliyetuandikia hata mstari mmoja, unaingia unakuta chumba kitupu, unakaa unangoja, bando linaliwa. Mtu wa India kwenye darasa letu alikuwa hoi zaidi, kwake ilikuwa inaingia saa saba usiku. Kituo chenye wanafunzi wa nje kingefikiria hilo.

Lakini mafunzo yenyewe, wallahi, yamepangwa na mtu mwenye akili. Mimi nlidhani tutaanza na Mungu, halafu manabii, halafu orodha ya mambo ya kuamini, vile tulivyofundishwa sisi dini chuoni na vile Wakristo wanavyofundishwa katekisimu. Wala. Mwalimu, ambaye ni rabi na ni mwanamke (hapo tayari baadhi ya watu darasani walishtuka, Wayahudi wa Kiothodoksi, wale wenye kushika sana, wengi wao hawana hilo), alianza na wiki. Ijumaa jioni kunafanyika nini nyumbani, nani awasha mishumaa, saa ngapi, kwa nini mikate ni miwili na si mmoja. Mikate miwili ni kwa ajili ya mana ya jangwani, Ijumaa ilikuwa inashuka maradufu ili Sabato watu wasitoke kuokota. Mambo ya kuamini yalikuja baadaye sana, na hata yalipokuja alisema wazi kwamba Wayahudi wenyewe wamebishana juu yake, ile orodha maarufu ya misingi 13 iliandikwa na mtu mmoja katika karne ya 12 na si kila aliyemfuata aliikubali.

Huyo mtu ni Maimonides, na hapo nlikaa vizuri kwenye kiti. Kazaliwa Córdoba, kafia Misri mwaka 1204, alikuwa tabibu wa watu wa ikulu ya Salahuddin Ayyubi, Salahuddin yule yule tunayemjua, na kitabu chake kikubwa cha falsafa alikiandika kwa Kiarabu lakini kwa herufi za Kiebrania. Wazungu darasani walistaajabu sana, lugha moja herufi za nyingine inawezekanaje. Mimi babu yangu alikuwa aandika barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu maisha yake yote, sikuona ajabu.

Na hii ilinitokea mara nyingi, kitu kilichowachukua wenzangu nusu saa kukielewa kwangu ni cha nyumbani. Siku inaanza magharibi. Mwalimu alichora mpaka michoro kueleza kwamba Sabato inaingia Ijumaa jua likitua na kutoka Jumamosi nyota tatu zikionekana, watu wanauliza maswali, sasa Ijumaa usiku ni Ijumaa ama ni Jumamosi? Mtu wa pwani ambaye tangu utotoni ajua usiku wa Ijumaa ni ule wa Alhamisi jioni hahitaji mchoro. Kilichonishangaza mimi ni upande wao: mishumaa inawashwa kwa kawaida dakika 18 kabla ya jua kutua, na London Disemba hiyo ni saa tisa unusu na kitu alasiri, mtu bado yuko ofisini, wakati Juni jua linatua baada ya saa tatu usiku na watoto wanalia njaa. Huku kwetu magharibi haihami, mwaka mzima ni ile saa kumi na mbili na dakika zake. Ukipikia wageni wa Sabato Mombasa umebahatika, ratiba ni moja.

Kitu kingine cha madrasa: herufi. Kozi ina sehemu ya kusoma Kiebrania, herufi 22, kutoka kulia kwenda kushoto, na alama za vokali zinawekwa chini na juu ya herufi kama irabu. Nlimaliza hiyo sehemu wenzangu wakiwa bado wanashika kitabu kinyume. Maana ya maneno sijui, nasoma tu, na hapo pia wengi wetu tushazoea.

Sasa jikoni, ambako ndiko nlikokuwa nakusubiri. Watu huku wanadhani kosheri ni halali yenye jina jingine. Sivyo, na mpishi akiamini hivyo atamlisha mgeni haramu yake huku anamchekea. Nyama ya bucha la Waislamu haitoshi, mchinjaji wao asomea kazi hiyo, kisu kinakaguliwa kisiwe na hata pengo la kushika ukucha, mapafu ya mnyama yanaangaliwa, halafu nyama inalowekwa nusu saa, inapakwa chumvi saa nzima na kusuuzwa ili damu itoke. Maini hayatolewi damu kwa chumvi, lazima yachomwe motoni. Mguu wa nyuma una mshipa wa paja usioliwa, kisa chake ni Yakobo aliyepigana mieleka usiku akateguka nyonga, na kwa kuwa kuutoa ni kazi ya fundi, sehemu nyingi duniani wanaiuza tu ile nusu ya nyuma kwa wasio Wayahudi. Ngamia, ambaye hapa Mombasa tunamla na kumnywa, kwao hapana, acheua lakini hana kwato zilizopasuka. Ndiyo maana wageni wangu wengi wanakuja na nyama yao imegandishwa ndani ya sanduku kutoka kwao.

Samaki ni rahisi, awe na mapezi na magamba. Kwa hivyo changu ndiyo, lakini kamba, kaa, pweza, ngisi, chaza, vyote ambavyo hoteli za huku zinajivunia, nje. Na hapa kuna kitu hakuna mpishi aliyeniambia kabla: usimpare samaki kabla mgeni hajamuona. Wanataka kuona magamba kwenye ngozi, ukimletea minofu mieupe iliyokatwa vizuri kwenye sahani umempa fumbo, hajui ni samaki gani. Mboga za majani nazo zinakaguliwa jani moja moja kwa ajili ya wadudu, mchicha utakutoa jasho. Yai unalivunjia kwenye kikombe kwanza, likiwa na doa la damu linatupwa.

Halafu nyama na maziwa. Torati yasema mara tatu usimpike mwana-mbuzi katika maziwa ya mama yake, na kutoka hapo wamejenga jumba zima: vyombo viwili, sinki mbili kwa mwenye uwezo, na kungoja baada ya kula nyama ndipo unywe maziwa, wengi saa sita, wenye asili ya Ujerumani saa tatu, wa Uholanzi saa moja. Maana yake kwa jikoni ya Mombasa? Biriani yetu inakufa pale pale, manake nyama tunailowesha kwenye mtindi. Lakini tui la nazi si maziwa! Nlimuuliza mwalimu nikiwa nshajua jibu nataka tu alitamke. Tui ni tunda, laenda na nyama, laenda na samaki, laenda na chochote. Kuku wa kupaka (kuku akiwa amechinjwa kwao), samaki wa kupaka, mbaazi wa nazi na mahamri ya tui asubuhi, meza yote ya pwani iko wazi. Na akaongeza jambo ambalo kwangu peke yake lilirudisha nusu ya ada: katika kitabu chao cha sheria, karne ya 16, kuna kauli kuhusu maziwa ya lozi, kwamba ukiyapika na nyama weka lozi pembeni pale mezani, mtu akipita asije akadhani mmechanganya nyama na maziwa ya ng'ombe. Tangu siku hiyo kuku wa kupaka wangu akienda kwa mgeni wa kosheri anaenda na vipande vya nazi kando ya sahani. Kuna mzee mmoja mgeni aliona ile nazi, akanyamaza, akaniangalia, akacheka mpaka akatoa miwani.

Na yule mama wa kiberiti. Ni hivi: chakula kilichopikwa na asiye Myahudi, hata kama viungo vyote ni safi, wenye kushika sana hawakili, ila kama Myahudi ameshiriki kukipika, na kwa desturi ya Wayahudi wa Ulaya kushiriki kwake kunatosha akiwasha tu moto. Basi. Alikuwa anatuhalalishia chakula chetu ili familia yake iweze kukila. Nlipowaeleza vijana, mmoja akasema sasa si angesema, mwingine akasema angesema vipi, angeanzia wapi.

Upande wa Sabato ulikuwa mrefu nao, kuna kazi 39 zilizokatazwa zilizoorodheshwa kwenye Mishna, mkusanyo wao wa kale wa sheria, na zote zimetolewa kwenye kazi za kujenga lile hema la ibada la jangwani, kusuka, kushona, kuandika, kuwasha moto, kupika. Kwa hivyo chakula cha Jumamosi mchana kinawekwa motoni Ijumaa kabla ya magharibi na kuachwa moto mdogo usiku kucha, maharage, nyama, viazi, shayiri. Nmekijaribu nyumbani. Si kibaya ila kinalilia pilipili. Jambo la kujua kwa wanaofanya kazi kwenye mavila: mgeni mwenye kushika Sabato hatakiwi kukuamuru umfanyie kazi aliyokatazwa yeye, ndiyo maana wengine hawatakuambia washa feni, watasema tu aisee chumba kina joto. Mtu wa Mombasa asiyeelewa fumbo kama hilo arudi shule.

Kalenda tuliipitia haraka, na mimi ningetaka tukae zaidi. Miezi yao ni ya mwandamo kama yetu, lakini wao katika kila miaka 19 wanaongeza mwezi wa ziada mara 7 ili Pasaka isihame msimu wake, ndiyo maana Ramadhani yetu inazunguka mwaka mzima na Yom Kipuri yao haitoki Septemba na Oktoba. Wazee wa huku walitatua hilo kwa kuwa na kalenda mbili, ya mwezi kwa ibada na ya Nairuzi kwa kilimo na bahari. Wao wameziunga zikawa moja. Yom Kipuri ni saumu ya kama saa 25, bila maji, bila viatu vya ngozi, magharibi hadi usiku wa pili. Daku halipo katikati. Nliwavulia kofia.

Sala tatu kwa siku, kumi wakitimia ndipo kunasomwa baadhi ya sehemu, na wanaelekea Jerusalem. Nlichukua ramani nikaangalia: kutoka Mombasa Makka iko kaskazini moja kwa moja, na Jerusalem nayo ni kaskazini, imeinama kushoto kidogo tu. Myahudi akisali chumbani kwangu ataelekea ukuta ule ule ninaoelekea mimi.

Sehemu iliyobeba kozi nzima ni ya kusoma wawili wawili. Wanaiita havruta. Unapewa mwenzio, mnapewa ukurasa mmoja uliotafsiriwa wa Talmudi, kile kitabu chao kikubwa cha mijadala ya marabi, mnasoma kwa sauti, mnabishana, mwalimu hayupo. Ukurasa wenyewe umekaa kama vitabu vya zamani vya chuoni, matini katikati na sharhe zimeizunguka, ya Rashi wa Troyes huko Ufaransa (alikufa 1105) upande mmoja, na za waliomfuata upande wa pili. Na matini hayatoi jibu! Yanatoa mabishano. Shamai na Hileli walikuwa walimu wawili wa zamani, kila mmoja na wafuasi wake: watu wa Shamai wasema Hanuka, sikukuu yao ya taa ya siku nane, uwashe taa nane siku ya kwanza ushuke mpaka moja, watu wa Hileli wasema anza na moja upande mpaka nane, na wote wameandikwa, aliyeshindwa hajafutwa. Wakauliza kwa nini sheria ilifuata Hileli, jibu lao ni kwamba watu wake walikuwa wapole na walikuwa wanataja hoja ya wapinzani kabla ya hoja yao. Hebu fikirieni hiyo kanuni iletwe kwenye vikao vyetu vya harusi.

Mimi nlipewa mzee mmoja mstaafu wa Manchester. Myahudi wa kuzaliwa, baba na mama, lakini hakufunzwa chochote, wazazi walikuwa wameamua kuwa Waingereza tu. Yeye akisoma "supu ya Ijumaa" machozi yanamlenga, ajua harufu yake, lakini alefu hajui. Mimi herufi nasoma, sheria ya mshipa wa paja nakutajia, lakini hiyo supu sijawahi kuionja kwa mtu. Basi tukawa tunakopeshana. Siku moja tulibishana juu ya kile kisa cha mtu aliyetaka kufundishwa Torati yote akiwa amesimama mguu mmoja, Shamai akamfukuza na fimbo ya kupimia, Hileli akamwambia unachokichukia wewe usimfanyie mwenzio, mengine ni ufafanuzi, nenda kasome. Mzee akasema Hileli ndiye mwalimu. Mimi nkamtetea Shamai, mtu yuaja kazini kwako kukupotezea muda na mguu juu, wewe ungefanyaje? Tukaenda mpaka karibu saa sita usiku.

Mwalimu alitupa moyo na kisa cha Rabi Akiva, ambaye hakujua kusoma mpaka miaka 40, akaenda kukaa na mwanawe mdogo mbele ya mwalimu wa watoto akaanza alefu. Nusu ya darasa letu tulikuwa na mvi, tukalipenda hilo. Na kozi za watu wazima si jambo jipya kwao, Franz Rosenzweig alifungua nyumba ya masomo ya watu wazima Frankfurt mwaka 1920, kwa Wayahudi waliokua bila kujua chochote.

Na hapo ndipo kwenye bibi. Kozi imetangazwa ni ya asiyejua kitu. Lakini aliyeiandika hajawahi kumfikiria mtu asiyejua kitu kweli kweli, amemfikiria Myahudi aliyesahau, yaani yule mzee wangu. Kila karatasi ina "kama mnavyokumbuka kwa bibi zenu", "ule wimbo mliousikia utotoni", "bila shaka mmekaa kwenye meza ya Seder", yaani karamu ya usiku wa Pasaka yao. Sijakaa. Zoezi la kwanza kabisa ni uandike kumbukumbu ya sikukuu moja ya utotoni. Mimi na yule mwenzangu wa India na dada mmoja aliyekuwa anaolewa na Myahudi tuliandika nini? Hatukuandika. Mara ya kwanza unacheka, ikizidi unajiona umeingia karamu ya watu. Nliwaandikia barua pepe wakanijibu kwa adabu, karatasi hazikubadilika.

Halafu huyo bibi siku zote ni wa Poland. Jamani, Uyahudi wote wa kozi hii unanuka vitunguu vya Warsaw. Wayemeni walipata dakika chache, Wahabeshi picha moja na tarehe moja (Mei 1991, ndege zilizobeba watu zaidi ya 14,000 kutoka Addis Ababa kwa siku moja na nusu), Wayahudi wa Cochin kule Kerala, India, jina tu. Na hawa ndio walio upande wetu wa bahari! Karne ya 12 wafanyabiashara Wayahudi wa Kairo na Aden walikuwa wanavuka na pepo za msimu mpaka Malabar, pwani ya India, barua zao za pilipili na shaba zilikutwa kwenye chumba cha sinagogi ya Ben Ezra huko Fustat. Hizo barua nlizipata mwenyewe nikisoma pembeni. Abayudaya, Wayahudi Waafrika wa Mbale, hapo Uganda tu, walioanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, wakapigwa marufuku na Idi Amin, na rabi wao Gershom Sizomu akapata urabi Marekani mwaka 2008, kozi haikuwataja hata kwa bahati mbaya. Mtu anasoma yuko Mombasa na anaelezwa Lithuania.

Afrika Mashariki ilitajwa mara moja, kwenye kipindi cha Uzayuni, yaani harakati za Wayahudi kupata nchi yao, ule mpango wa 1903 wa Waingereza kuwapa Wayahudi ardhi, unaoitwa Mpango wa Uganda. Nkanyoosha mkono nkasema hiyo si Uganda, ardhi yenyewe ni Uasin Gishu, Eldoret kule wanakotoka wakimbiaji, walituma watu watatu kuikagua na 1905 wakaikataa. Mwalimu akaandika. Angalau aliandika. Kipindi hicho kilikuwa kimoja tu na kilikimbizwa, Palestina ikapata robo saa na maswali yakafungwa kwa sababu ya muda, na mimi nliona si haki, kama mnafundisha watu wazima waacheni waulize kama watu wazima. Mwalimu mwenyewe baadaye alitujibu mmoja mmoja kwa maandishi, bila kukwepa, lakini hiyo ni yeye, si kozi.

Je, watakushawishi uingie? Hakuna. Kinyume chake, alisema desturi ni rabi kumrudisha mtu anayetaka kuingia, na kwamba asiye Myahudi kwao ana amri saba tu za Nuhu, hahitaji zaidi. Na kama wewe ndiye unayetaka kuingia kweli, kozi hii haikupi chochote cha rasmi, hilo linahitaji rabi wako mwenyewe, muda mrefu, mahakama ya watu watatu, kuzama kwenye maji, na tohara kwa mwanamume. Kwa Kenya ungeanza kwa kubisha hodi sinagogi ya Nairobi, na siku hizi utafika na SGR.

Kwa nani basi? Mpishi, mtu wa hoteli, mwongozaji watalii, mwalimu wa dini, aliyeposwa na Myahudi, watafaidi. Kama unataka tu kusoma vitabu usilipe, programu ya Sefaria ni bure na ina Torati, Mishna, Talmudi na sharhe kwa Kiebrania na Kiingereza, na Hebcal itakupa saa ya mishumaa ukiiandikia Mombasa, mimi huiangalia kila nikiwa na wageni Ijumaa. Unacholipia ni mwalimu wa kumuuliza na mtu wa kubishana naye. Kabla hujalipa waulize mambo mawili matatu: darasa linafuata saa ya wapi wakibadilisha, kuna havruta ama ni video tu (kama ni video tu, achana nayo), na wanafunzi wasio Wayahudi ni wangapi. Waambie mapema kama hutakuwa na bibi. Rekodi zishushe ndani ya mwezi, baada ya hapo linki zinakufa, na karatasi ya jikoni ichapishe uibandike karibu na friji, ya kwangu ishaingia mafuta mpaka mstari wa maini hausomeki.